Mwanangu anaanza kidato cha kwanza, nimnunulie begi gani lisimharibu mgongo?

"Habari za kazi daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 14, kamaliza la saba mwezi wa tisa na anaanza kidato cha kwanza Januari, shule ya kata. Tupo kijijini huku Tandahimba, kutoka nyumbani mpaka shule ni kama kilomita nne na nusu, atakuwa anatembea mpaka tupate baiskeli. Nilimpima zahanati ana kilo 38. Tangu mwezi wa kumi anasaidiana na baba yake kubeba viroba vya korosho, jioni analalamika mgongo unauma kwa chini. Sasa bibi yake anasema begi zito litamtoa kibiongo, bora vitabu abebe kichwani kama zamani. Baba yake anataka tununue kubwa kabisa limfikishe kidato cha nne. Muuza duka kanionesha moja la elfu 55 lina ubao mgongoni anasema ni la kunyoosha mgongo, sokoni yapo ya elfu 18 na mimi bajeti yangu yote ni elfu 40. Dada yake naye ana begi lake la zamani la kuning'iniza bega moja bado zima. Nisaidie nifanye lipi?"

Asante dada kwa kuuliza mapema, wengi huwa mnakuja mwezi wa tatu, begi limeshanunuliwa, mkanda umeshachomoka na mtoto anaona aibu kulivaa. Mimi sio daktari kama ulivyoniita, ni mtu wa fiziotherapia, kazi yangu ni migongo na mabega na magoti, kwahiyo nitakujibu kwa upande huo. Na nitakujibu kwa urefu maana umeuliza swali moja ila ndani yake yapo kama matano.

Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba mtoto tayari mgongo unamuuma, halafu sasa mnaenda kumtwisha mzigo wa madaftari kilomita nne na nusu kwenda na nne na nusu kurudi, miaka minne, mwisho wake apinde. Hofu hiyo naielewa kabisa. Ila nianze na hilo la kibiongo maana naona ndo limewagawa hapo nyumbani. Begi la shule halimpi mtoto kibiongo, na halimpi ule mgongo wa kupinda kushoto na kulia kama herufi S. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilitoa mapitio ya tafiti 69 zilizoangalia watoto na mabegi yao, uzito wa begi, aina yake, namna mtoto anavyolibeba, na hawakupata ushahidi wa maana kwamba hayo ndo yanaleta maumivu ya mgongo kwa watoto. Kuna kitu kimoja lakini kilionekana ambacho mimi nakizingatia sana kazini, nacho ni mtoto mwenyewe anavyolihisi begi, yani yule anayesema begi langu ni zito, linanisumbua kulibeba, huyo ndo alionekana kuwa na uhusiano na maumivu. Kwahiyo akikwambia ni zito usimwambie azoee, fungua uangalie kuna nini ndani.

Kibiongo cha kweli kwa mtoto wa umri huu kina sababu nyingine. Kuna tatizo la ukuaji linaitwa Scheuermann, pingili za mgongo upande wa mbele zinakua pungufu kuliko nyuma, mgongo unakuwa mviringo na haunyooki hata akijitahidi. Kuna TB ya mgongo, hiyo inakula pingili mpaka zinabonyea. Na kuna wale wengi zaidi ambao hawana ugonjwa wowote, wanakaa wamejikunja tu kwa sababu ya umri, kurefuka haraka, simu, aibu. Unaweza ukaangalia mwenyewe nyumbani. Mvue shati, mwambie asimame ajinyooshe kadri awezavyo, halafu alale kifudifudi kwenye mkeka. Ule mviringo ukiondoka basi ni mkao tu, ukibaki vilevile mlete aonekane. Kisha mwambie ainame mbele magoti yamenyooka mikono inaning'inia, wewe kaa nyuma yake utazame mgongo usawa wa macho, pande mbili za mbavu zinatakiwa ziwe sawa. Upande mmoja ukiinuka wazi kuliko mwenzake, hapo napo mlete, na afadhali uje sasa kuliko mwakani maana yupo kwenye miaka ya kurefuka na mpindo huwa unaongezeka kasi kipindi hichohicho.

Sasa tuje kwenye maumivu yenyewe. Umeandika sentensi moja katikati hapo ukaipita haraka, kwamba tangu mwezi wa kumi anabeba viroba vya korosho. Dada, hapo ndo penyewe. Hata shule hajaanza, begi hajavaa, na mgongo unauma. Mtoto ana kilo 38, kiroba kikiwa cha kilo 25 tu hiyo ni theluthi mbili ya uzito wake, na najua kuna viroba vinapita hapo. Weka na kazi inayotangulia, kuinama tangu asubuhi chini ya mikorosho anaokota, anatenganisha korosho na bibo, anainuka, anainama tena, halafu ikifika jioni mgongo umechoka ndo anapewa kiroba apandishe begani au kwenye keria ya baiskeli. Misuli ya kiuno iliyochoka hailindi vizuri, na kwa umri wake mifupa ya miguu na mgongo inarefuka mbio wakati misuli bado inaifuata, kwahiyo mzigo ambao mtu wa miaka 20 angeubeba akasahau yeye unamkaa mpaka asubuhi.

Sisemi asiende shamba, korosho ndo inayonunua hiyo sare na hilo begi, na mtoto kujishughulisha ni afya. Ninachosema ni hiki, kuanzia leo asibebe kiroba kizima peke yake. Ajaziwe kilo saba, nane, isizidi kumi, au washikane wawili. Wakati wa kuinua achuchumae, kiroba kiwe kimegusana na mwili, ainuke kwa miguu, na asijizungushe kiuno akiwa na mzigo, ageuke na miguu yake yote. Na kwenye kuokota asiiname saa nzima mfululizo, kila baada ya muda asimame ajinyooshe kwa nyuma mikono kiunoni mara tano sita. Usimlaze kitandani ukidhani ndo tiba, mgongo wa namna hii unapona kwa kutembea na kufanya kazi nyepesi. Ukifanya hivyo, ndani ya wiki mbili au tatu maumivu yanatakiwa yawe yanapungua kwa kuonekana. Yasipopungua nitakwambia huko chini cha kufanya.

Halafu ndo begi. Maana hata kama haliharibu mgongo bado linaweza kumchosha, kumuuma mabega na shingo, kumfanya afike darasani hoi, na kilomita tisa kwa siku sio mchezo. Ili uelewe kwanini mabegi mawili yenye uzito sawa yanachosha tofauti, chukua ndoo ya maji lita kumi uikumbatie kifuani, halafu jaribu kuishika mikono ukiwa umeinyoosha mbele. Maji ni yaleyale lakini ya pili hufiki hata dakika. Begi ni hivyohivyo, kadri mzigo unavyokaa mbali na mgongo ndo unavyomvuta mtoto kwa nyuma, na yeye ili asianguke anainamisha kiwiliwili mbele, halafu ili aone njia anainua kidevu, basi shingo na kiuno vinafanya kazi muda wote bila kupumzika. Begi likining'inia chini mpaka makalioni ndo mbaya zaidi kwasababu kila hatua linapiga na kuyumba. Ukitaka kujua begi linamzidi mtazame kwa ubavu anavyotembea, akiwa ameinama kama anapanda kilima wakati njia ni tambarare basi limemzidi au limekaa vibaya.

Hapo ndo nataka nimwambie shemeji kwa heshima kabisa kwamba begi sio sare. Sare unamnunulia kubwa anaikulia, unakunja upindo basi, begi kubwa halikunjwi. La kumfikisha kidato cha nne litakuwa refu kuliko mgongo wake wa leo, litashuka chini ya kiuno, mikanda itakuwa imepanuka kuliko mabega itateleza kila mara atembee anaipandisha. Na begi kubwa lina tabia nyingine, linajaa. Mtoto akiwa na nafasi ataweka kila kitu, madaftari yote ya wiki, viatu vya michezo, rula kubwa, nguo, embe. Wala halitafika huko kidato cha nne, kwa jua hili na mchanga huu na kutupwa chini kila siku begi la kawaida ukipata miaka miwili shukuru Mungu. Nunua la mgongo alionao sasa hivi na kanafasi kidogo ka kukua. Urefu wake uanzie chini kidogo ya mfupa wa shingo pale unapojitokeza akiinama, uishie kiunoni pale mkanda wa suruali unapokaa, likizidi vidole vinne sina ugomvi. Upana usizidi upana wa mabega yake.

Na lile la elfu 55? Dada, hakuna begi linalonyoosha mgongo. Ubao mgongoni una kazi moja ya maana, unazuia pembe za vitabu zisimchome na unafanya begi lisijikunje, hicho ni kitu kizuri ila sio tiba, na mafaili mawili ya karatasi ngumu ukiyachomeka upande wa mgongoni yanafanya kazi hiyohiyo. Ninachokipenda kwenye baadhi ya mabegi ya bei ni mkanda wa kiunoni, ukikaza vizuri juu ya mifupa ya nyonga sehemu ya uzito inahama kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga na hapo kwa safari ya kilomita nne na nusu atausikia utofauti. Sharti lake aufunge, na vijana wa miaka 14 wengi hawaufungi, wanaona kama wazee. Pia mabegi hayo mengi ni mazito yenyewe kabla hujaweka kitu, ukikuta tupu lina kilo moja na nusu ujue limeshakula nafasi kubwa. Kwa bajeti yako mimi ningeliacha. La magurudumu sitaki hata kulizungumzia kwa njia zenu za mchanga.

Nafasi gani hiyo nasema? Kipimo tunachokitumia ni begi na vilivyomo visizidi asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa mtoto. Usikichukulie kama mstari ambao akiuvuka tu anaumia, ni mwongozo, watoto wenye nguvu wanabeba zaidi bila shida na wengine wanachoka kabla. Kwa kijana wako wa kilo 38 ni kati ya kilo 3.8 na 5.7, na kwakuwa anatembea mbali ningependa abaki kwenye kilo nne hivi. Sasa pima. Kaunta buku ya kwaya tatu, A4, inakaribia nusu kilo na nyingine inapita kutegemea na karatasi yake. Akibeba tisa hapo tu umeshafika kilo nne na nusu mpaka tano, hujaweka kitabu cha kiada hata kimoja, na chupa ya maji ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu kamili. Umeshapita bila kuweka chakula. Ndio maana nasema hela yako usiimalizie kwenye begi, mzigo unaanzia kwenye yale madaftari.

Cha kwanza, soma vizuri fomu ya kujiunga aliyopewa, kama shule haijalazimisha kwaya tatu au nne mnunulie kwaya mbili, hata moja kwa masomo yasiyo na maandishi mengi. Najua unaona kwaya nne ni akiba hutanunua tena mwaka huu, ila atabeba kurasa tupu miezi sita. Cha pili, wiki ya kwanza akishapewa ratiba ainakili kwenye kipande cha boksi mkibandike ukutani, na kila jioni apange begi yeye mwenyewe kwa masomo ya kesho tu. Kwa siku masomo hayawi yote, mengine yanakaa vipindi viwili kwa pamoja, kwahiyo madaftari matano au sita yanatosha. Hiki kitendo cha kupanga begi jioni ndo kinapunguza uzito kuliko begi lolote utakalonunua, na ndo kinachoshindikana, asubuhi giza anachelewa anabeba yote. Kama vitabu vya kiada wanaazimishwa, akubaliane na mwenzake wa jirani huyu abebe Fizikia yule Kemia wasome pamoja. Kuacha madaftari shuleni ni wazo zuri pale penye kabati lenye kufuli, pasipo na kufuli yatapotea na nafasi ya kulalamika huna. Maji naomba usimpunguzie, Januari na Februari huku joto unalijua, ila kama shule ina maji ya kunywa ya kuaminika abebe chupa ya nusu lita ajaze hukohuko.

Kuna siku wataambiwa waje na jembe au ndoo au fagio au kuni. Siku hiyo atoe madaftari yasiyo ya lazima, na jembe asilichomeke kwenye begi mpini umetokeza juu, abebe mkononi akibadilisha mikono.

Haya, siku ya kununua nenda na mtoto mwenyewe. Usimnunulie ukiwa peke yako Mtwara mjini au mnadani ukakadiria kwa macho. Mwambie muuzaji akupe kitu cha kujazia, paketi mbili za unga za kilo mbilimbili zinatosha, weka ndani mtoto avae akiwa na shati tu, sio sweta juu ya shati. Kaza mikanda mpaka begi lilale mgongoni. Pitisha vidole viwili kati ya mkanda na bega, vipite bila kulazimisha na bila nafasi kubaki. Mwambie anyanyue mikono juu, ageuke, aruke kidogo, begi likicheza huku na huku limepanuka au limekuwa refu. Muulize kwapani panabana? Mikanda iwe mipana, kama upana wa vidole vitatu au zaidi, na iwe na sponji ambayo ukiibonyeza inarudi, ile inayobonyea ikabaki hivyo mwezi mmoja imekwisha. Mikanda myembamba kama kamba ndo adui yangu mkubwa kuliko hata uzito, maana mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda mkononi inapita hapo kati ya shingo na bega, mkanda mwembamba ukikandamiza muda mrefu mtoto anaanza kusema vidole vinakufa ganzi, na akiendelea hivyo mkono unaweza kupoteza nguvu kwa wiki kadhaa.

Kisha geuza begi ndani nje. Angalia pale mikanda ilipoungana na begi, juu na chini, huko ndo yanapofia yote. Ukiona mshono mmoja uliopita mara moja, au nyuzi zinaning'inia, hilo litachomoka. Unataka mshono wa kurudiwa, ikiwezekana wa mraba wenye msalaba katikati. Zipu iwe ya meno makubwa, fungua funga mara kumi hapohapo dukani muuzaji akununie tu. Kitambaa cha mgongoni kiwe cha wavu kupitisha hewa maana atafika shati limelowa. Kifungo cha kuunganisha mikanda kifuani kikiwepo ni bonasi, kinazuia isiteleze.

Ukiniuliza mimi ningefanyaje na elfu 40, ningechukua la elfu 18 mpaka 25 lenye kipimo chake, au ningepita kwanza kwenye mitumba maana huko unakutana na begi lililoshonwa kwa uimara ambao mapya ya bei hiyo hayana, kagua tu zipu na lifue ulianike juani kabla hajalivaa. Halafu kabla ya Januari lipeleke kwa fundi viatu, narudia fundi viatu, yule ana sindano nene na uzi wa nailoni, arudie kushona pale mikanda ilipoungana sehemu zote nne. Ni hela ndogo sana na itakuokoa. Mkanda ukiwa na sponji hafifu, kipande cha godoro kilichoviringishwa kwenye kitambaa kinashonwa juu yake vizuri tu. Na mvua, zinamkuta zimeshaanza na zinaendelea mpaka mwezi wa nne, hakuna begi la bei hiyo lisilopitisha maji hata wakikuandikia. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea tuliyokuwa tunafungia vitabu ilipigwa marufuku Juni 2019, kwahiyo mkatie kipande cha turubai jepesi fundi cherehani akushonee mfuko wa kukaa ndani ya begi, madaftari yote yaingie humo, mdomo unakunjwa mara mbili. Daftari likilowa ni hasara na pia ni uzito.

Kwenye kupanga, vizito na vikubwa vikae nyuma kabisa vigusane na mgongo wake, vimesimama, vyepesi mbele, chupa ya maji ubavuni. Mikanda yote miwili mabegani kila siku. Najua vijana wanapenda kuning'iniza upande mmoja, dakika tano hakuna tatizo, kwa saa nzima ya njia upande mmoja wa kiuno unafanya kazi ya pande mbili.

Bibi yake naye nisimuache. Hajakosea kama mnavyoweza kudhani. Mzigo wa kichwani unakaa juu ya mgongo sawasawa, haumvuti mtu nyuma wala mbele, na mwaka 1986 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature walichopima kwa wanawake wa Kiluo wa Kenya wanaobeba kichwani, wakakuta wanabeba mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko wakitembea mikono mitupu. Lakini hao wamebeba tangu utotoni, mwendo wao umeshajengeka hivyo, na kijana ambaye hajazoea shingo yake haiko tayari, na madaftari kichwani kwenye mvua na njia ya utelezi yatamshinda. Kwahiyo mwambie bibi heshima yake iko palepale, ila kwa mjukuu begi la mgongoni ndo litamfaa.

Baiskeli ikipatikana, begi litoke mgongoni liende kwenye keria, lifungwe na mpira wa tyubu ulale vizuri, uzito unabebwa na magurudumu. Asilining'inize kwenye usukani, hapo atakuja kuanguka.

Sasa lini uache kunisoma umlete. Maumivu yakiendelea zaidi ya wiki tatu baada ya kuacha viroba vizito. Maumivu yanayomwamsha usiku au yanayouma akiwa amelala tu. Homa za jioni, kutoka jasho usiku, kupungua mwili, kikohozi kisichoisha, au nundu ngumu katikati ya mgongo, hizo zinanifanya niwaze TB ya mgongo na hiyo haisubiri, nzuri ni kwamba inatibika na dawa zake zinatolewa bure. Kama ana selimundu au kuna ndugu mwenye nayo, sema mapema maana maumivu ya mgongo kwake yana maana nyingine. Na miguu ikifa ganzi, ikikosa nguvu, akaanza kujikwaa, au mkojo na choo vikabadilika, hiyo ni siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu. Anzia zahanati au kituo cha afya chenu, mweleze mhudumu hayo yote, waombe rufaa kwenda hospitali ya wilaya au hospitali ya mkoa ya Ligula hapa Mtwara, na wenzetu wa upande wa Lindi waende hospitali ya mkoa ya Sokoine, ukifika uliza kitengo cha fiziotherapia. Tafadhali usimpeleke kwanza kwa mtu wa kumkanyaga au kumvuta mgongo, kama pingili ina ugonjwa unaweza kumpoozesha.

Na begi la dada yake la bega moja, usilitupe. Kwa siku za masomo ya ziada ambazo anabeba daftari moja na kalamu linamtosha, alivae mkanda ukipita kifuani kwa mshazari na abadilishe bega njiani. Kwa kila siku na mzigo kamili hapana.